Asubuhi kwa zimamoto, mchana vilimani: maswali ya wasomaji kuhusu siku moja Kampala

Mwezi huu mfuko wa barua umeelemea upande mmoja. Likizo imekaribia, na wazazi na walimu wanauliza namna ya kuwatembeza watoto Kampala na kupita kituo cha zimamoto siku hiyohiyo. Tumechagua barua sita. Nyingine zilifanana nazo.

Habari za kazi. Tunashuka Kampala kwa basi la usiku, mimi na wanangu watatu: wa miaka 5, 9 na 13. Huyu wa kati hana kingine kichwani ila magari ya zimamoto. Siku tuliyo nayo ni moja tu, jioni tunapanda basi kurudi. Tupange vipi tusije tukaimaliza ndani ya jam?
*Mama watatu, Arua*

Mama, anzeni na zimamoto, mengine yafuate. Kituo kikuu kiko jirani na Clock Tower, mnara wa saa uliosimamishwa mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alipozuru Uganda. Mkishukia Arua Park, stendi ya mabasi yenu, ni kama nusu saa kwa mwendo wa mtoto. Mizigo iacheni ofisi ya basi, mchukue risiti yake.

Mjitahidi muwe hapo kwenye saa moja na nusu. Asubuhi ndipo zamu hupokezana, na zamu inayoingia haipokei gari kwa maneno matupu. Dereva anawasha injini, anatazama oili, maji ya rejeta, mafuta, matairi, taa na king'ora. Mwenzake anafungua makabati ya ubavuni, anahesabu mipira ya maji, nozeli (midomo ya kurushia maji), mashoka na kamba. Mwingine anasoma presha ya mitungi ya hewa ya kupumulia, mmoja baada ya mwingine. Milango yote ya gari iko wazi na kila kitu kinashikwa kwa mkono. Mkija saa sita mchana mtakuta gari limefungwa, limeng'aa, na askari wamekaa kivulini. Hapo mtoto ataona rangi nyekundu basi.

Baada ya hapo elekeeni magharibi, wala msigeuke. Kwanza Old Kampala, Msikiti wa Taifa, ule uliomalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi 2008. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Wa miaka mitano atahitaji kubebwa mgongoni robo ya mwisho, kwa hiyo amueni mapema nani atambeba. Pale juu mwonesheni huyu wa zimamoto paki za takisi, yaani daladala, na soko la Owino: mapaa yamebanana, vichochoro ni uzi. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu. Mwulizeni angelipitisha wapi. Hilo swali litamkaa kuliko maelezo yoyote ya kitabu.

Kisha shukeni mtaa wa Bakuli, pandeni kilima cha Namirembe kwenye kanisa kuu, mrudi barabara ya Hoima kupitia Nakulabye hadi Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda. Kuleni Nakulabye kabla ya kupanda makaburini. Rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, ikiwa ya mayai mawili inamtosha mtoto wa miaka tisa, na inakaangwa mbele ya macho yenu. Mkifuata mstari huu hamvuki katikati ya mji ila mara moja, jioni mnaporudi, na hiyo ifanyeni kabla ya saa kumi. Makumbusho ya Uganda ni mazuri, yapo tangu 1908, ila yako Kamwokya, ng'ambo ya mji. Mkiyalazimisha mtayaona kupitia kioo cha takisi iliyokwama. Yaacheni kwa safari nyingine.

Usafiri: kwa watu wanne, spesho, gari la kukodi peke yenu, ya nusu siku ni afadhali kuliko takisi nne za kupanda na kushuka. Bei mpatane ya muda wote huo, *pamoja na kungoja*, na vituo vyote vitajwe kabla mlango haujafungwa. Ugomvi na dereva haupo kituo cha kwanza. Huzuka cha tatu, anaposema Namirembe haikuwemo.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 wa darasa la sita kituo cha zimamoto. Mwaka jana tulifika kituo fulani na basi limejaa, tukarudishwa getini. Barua tuliandika. Tulikosea wapi?
*Mwalimu, Busia*

Mwalimu, barua kufika na barua kusomwa ni mambo mawili. Zimamoto ya Uganda iko ndani ya Jeshi la Polisi, na kituo ni eneo la polisi. Askari wa getini hana mamlaka ya kuingiza watoto arobaini kwa sababu unasema uliandika.

Andika kwa mkuu wa kituo, wiki tatu kabla, ukurasa mmoja usizidi. Weka jina la shule, idadi ya watoto na umri wao, idadi ya walimu, tarehe na saa, tarehe ya pili ya akiba, na namba mbili za simu. Ipeleke kwa mkono. Nenda na nakala, igongwe mhuri wa kupokelewa, uitunze. Siku tatu kabla piga simu au tuma mtu aulize nani atawapokea, uandike jina lake. Siku ya safari, unapofika getini, unataja jina hilo na kuonesha mhuri. Huo ndio ufunguo. Na kama uliandika 40, uje na 40. Shule huandika arobaini zikaleta themanini, kisha zikashangaa kuambiwa nusu wabaki ndani ya basi.

Basi lenu lisiegeshwe mbele ya milango ya magari hata kwa dakika moja ya kushusha watoto. Egesheni nje, mtembee.

Ndani, wagawe watoto kumi kumi. Wakati kumi wako kwenye gari, kumi wako kwenye mipira, wengine wameketi. Zaidi ya kumi kuzunguka gari moja, wa nyuma hawaoni kitu, na asiyeona huanza kubonyeza vitu. Kabla ya lolote, mwombe afande akuoneshe ukuta ambao watoto watasimama kengele ikilia. Fanyeni jaribio mara moja: mwalimu anapuliza filimbi, wote migongo ukutani, hakuna aliyebaki kati ya gari na geti. Simu ya moto ikiingia katikati ya ziara, wenyeji wenu wataondoka bila kuaga, na huenda wasirudi kwa saa tatu. Hiyo si dharau. Uwe na mpango wa pili mfukoni, hata kama ni kutembea tu hadi mnara wa Uhuru aliouchonga Gregory Maloba mwaka 1962.

Lugha isikusumbue. Kiswahili ndicho kinachosikika sana polisi na jeshini hapa kwetu, na tangu 2005 kiko ndani ya katiba kama lugha rasmi ya pili. Watoto wa Busia mnakijua. Wafundishe kusema "Shikamoo afande" na kuuliza maswali yao wenyewe, utaona sura za wale askari zinavyofunguka. Picha ombeni kwanza, na mkiruhusiwa pigeni magari na watoto. Majengo, ofisi, redio na geti msipige.

Kila soko likiungua watu wanasema gari la zimamoto lilikuja bila maji. Mimi ni fundi bomba, na hilo huwa linanisumbua. Nitapita kituoni mwezi ujao na vijana wangu wawili. Ninaomba mnieleze ukweli wa hayo maji, na niulize nini nikiwa mbele ya gari.
*Fundi, Kasese*

Fundi, wewe hesabu hizi utazielewa kuliko wengi, kwa hiyo tutakaa nazo kidogo.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Hizo ni tani tano za maji, na si rahisi kubeba mengi zaidi ya hapo kwenye vilima vya Kampala bila gari kuwa zito mno kwenye kona. Mpira mmoja wa milimita 45 wenye nozeli nzuri hutoa kama lita 400 kwa dakika. Tangi limekwisha kwa dakika kumi na mbili na nusu. Fungua mipira miwili, ni dakika sita na kitu. Mtu aliyefika dakika ya nane anakuta askari wameshika mpira mkavu, anapiga kelele kuwa wamekuja bila maji. Walikuja nayo. Yameisha.

Ndiyo maana gari la kwanza ni la kuanzia kazi tu, na swali la maana ni *maji ya pili yanatoka wapi*. Njia ni tatu. Ya kwanza ni haidranti, bomba la zimamoto la barabarani: likifunikwa na lami, kibanda kikijengwa juu yake, au presha ya mtaa ikiwa chini, limekufa. Ya pili ni magari ya tangi yanayopokezana, na jam ndiyo adui yake. Ya tatu ni kuvuta kutoka kwenye maji ya wazi, kama dimbwi, mto au ziwa.

Hiyo ya tatu ina jambo zuri kwa fundi bomba. Unajua pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inatoa hewa kwenye mpira mgumu wa kuvutia, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji juu. Kando ya bahari, hewa inaweza kusukuma maji mita kumi na kidogo. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo cha karatasini kinashuka hadi karibu mita tisa. Ukiondoa msuguano, chujio na viungo vinavyovuja kidogo, kazini tegemea sita. Dereva aliyeegesha mita nane juu ya maji atapiga resi mpaka injini ichemke, na tone halitapanda. Gasketi moja iliyopasuka kwenye mpira wa kuvutia inaleta hasara hiyohiyo, maana pampu itakuwa inavuta hewa. Mwombe dereva akuoneshe hizo gasketi, na geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto wa hewa, kwenye ubao wa pampu, ile ambayo mshale wake unakwenda chini ya sifuri.

Sasa mwambie afungue kabati la mipira. Shika kiungo cha mwisho. Kuna aina ya Kiingereza, dume na jike: dume unalisukuma ndani mpaka likamatwe na meno, unaachia kwa kuvuta vishikio viwili. Kuna aina ya Kijerumani, Storz, ambayo pande zote mbili zinafanana. Unazikutanisha na kuzungusha. Magari ya nchi zetu hutoka pande nyingi za dunia, na mpira wa gari moja unaweza kukataa kabisa kuingia kwenye gari la jirani. Kinachookoa ni adapta, kipande cha chuma cha kushikwa kwa mkono mmoja. Uliza zipo ngapi na zinakaa wapi. Jibu likija haraka, kituo hicho kinajua kazi.

Uliza pia wakuache unyanyue mpira. Kipande cha mita 25 cha milimita 45 kikiwa na maji kina karibu lita 40 ndani yake, kilo arobaini bila kuhesabu mpira wenyewe. Cha milimita 65 kina zaidi ya 80. Hapo vijana wataelewa kwa nini mpira mnene hauburuzwi ngazini, na kwa nini unatandikwa mkavu kwanza, bila kupinda, ndipo maji yafunguliwe. Mpira uliopinda kwenye kona ya mlango unakata maji kama uliokanyagwa.

Mwisho mtungi wa hewa. Wa kawaida una ujazo wa lita 6.8 na hujazwa mpaka presha ya bar 300, yaani karibu lita 2,040 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito humaliza kama lita 50 kwa dakika. Filimbi ya onyo hulia bar 50 hivi zikibaki, na hiyo akiba ni ya kutokea nje. Ukifanya hesabu, kazi yenyewe ni nusu saa, na ndani yake toa muda wa kuingia. Anayekuambia "ana saa nzima" hajawahi kupanda ngazi na mtungi mgongoni.

Nasikia kanisa la Namirembe na makaburi ya Kasubi vina uhusiano na zimamoto. Uhusiano gani? Na sisi kina mama tuvae nini tukienda huko?
*Msomaji wenu, Bombo*

Dada, zote mbili ziliungua, miaka mia moja kati yao.

Namirembe mnayoiona ilimalizwa 1919. Iliyokuwa mbele yake, ya matofali na paa la nyasi, ilipigwa na radi mwaka 1910 ikateketea. Hata mojawapo ya zile za kabla, dhoruba iliiangusha 1894. Ukisimama pale juu, penye upepo na mawingu ya alasiri, hushangai radi ilipataje njia. Waulizeni watoto watafute waya wa kuzuia radi, unaoshuka ukutani mpaka ardhini. Ni mchezo mzuri wa dakika kumi katika jengo lolote refu la mji huu.

Kasubi ni jambo zito zaidi. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya makabaka wanne, ilijengwa na Mutesa I mwaka 1882 kama ikulu, naye akazikwa humo 1884. Baada yake wamelala Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Kujengwa upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na 2023 ndipo ilipotolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Simameni mbele ya lile paa mlitazame kwa macho ya zimamoto. Nyasi zimepangwa tabaka juu ya tabaka ili mvua iteleze isipenye. Maji ya mpira nayo yanateleza vilevile. Unaweza kumwaga tangi zima juu, huku moto unatambaa chini ya tabaka la juu, mkavu, umestarehe. Paa la nyasi lililoshika huzimwa kwa kulivuta chini kwa kulabu vipande vipande, au kwa kupeleka maji kutoka ndani. Sasa nyumba ina kipenyo cha mita 31, na dari yake ina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Nani anatia kulabu hapo, na kwa idhini ya nani? Kwa hiyo nyumba ya namna hii huokolewa kabla moto haujaanza, kwa walinzi, nyaya safi, maji karibu, na kutomruhusu mtu yeyote kusogeza moto wa wazi.

Mavazi: gauni au sketi ndefu inayopita magoti, na leso ya akiba begani. Suruali mtaombwa mfunge leso juu yake. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia nyumba kubwa, kwa hiyo vaeni vya kuchomoa upesi. Ulizeni getini siku hiyo sehemu zipi zimefunguliwa na ada ni kiasi gani, mwende na noti ndogo. Msikitini pia kina mama hufunikwa kichwa na miguu, na leso za kuazima zipo. Ijumaa mchana msipange msikiti, Jumapili asubuhi msipange Namirembe.

Mwanangu anataka yale magari makubwa ya zimamoto ya uwanja wa ndege Entebbe. Tutaingiaje?
*Baba, Masaka*

Kwa kupita tu, hamtaingia, baba. Zimamoto ya uwanja haiko chini ya polisi. Ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kituo chake kiko ndani ya eneo la usalama. Shule au kikundi kinaweza kuiandikia Mamlaka mapema. Familia ya watu watatu iliyosimama getini itarudishwa.

Mweleze tu kwa nini magari yale ni tofauti. Kanuni za kimataifa zinataka gari lifike mwisho wa barabara ya kurukia kwa dakika mbili, zisizidi tatu kamwe. Mafuta ya ndege huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka, ndiyo sababu gari linabeba povu la kuyafunika. Mzinga wake uko juu ya kichwa cha gari na hupiga huku gari linatembea, jambo ambalo gari la mjini kwa kawaida halifanyi.

Mkienda Entebbe iwe siku yake. Ni kama kilomita 40 kutoka Kampala, na bustani ya mimea ya tangu 1898, kituo cha wanyama na ufuko wa ziwa vinaijaza siku. Barabara mpya ya kulipia ni shilingi 5,000 kwa gari dogo, na bodaboda hairuhusiwi humo.

Binti yangu wa miaka minne alimwona askari wa zimamoto amevaa kinyago cha hewa akalia mpaka tukaondoka. Nimrudishe, au nimwache akue?
*Bibi, Mbuya*

Mrudishe, bibi, tena mapema. Katika moshi, mtoto akiogopa kinyago hujificha chini ya kitanda, na waokoaji wanampita bila kumwona.

Mwombe afande aketi chini, macho yake yalingane na ya mtoto, akiwa na nguo za kawaida. Kwanza wasalimiane. Avae buti, mtoto aziguse. Avae koti. Avae kofia, aivue, aivae tena. Kinyago akishike mkononi, mtoto asikie *fuuu* ya hewa kwenye kiganja chake. Ndipo akivae polepole huku anaendelea kuongea, ili sauti ileile aliyoizoea itoke ndani ya kile kitu. Akivue mara moja, acheke. Msimlazimishe kukivaa mwenyewe. Dakika kumi zinatosha, na kama amelia tena katikati, rudini hatua moja nyuma, kwenye kofia.

Mkiwa njiani kurudi mfundishe namba: 999 au 112, hazikatwi pesa. Na asiseme "nyumbani kwetu". Aseme alama: nyuma ya shule gani, stendi gani ya boda, duka la rangi gani. Kisha asikate simu mpaka aambiwe.